Moshi wa Léontine

Kuna wanawake wanaosifiwa kwa chapati, wengine kwa sauti ya kwaya, na wengine, Mungu awasamehe, kwa kujua mambo ya nyumba zisizo zao. Léontine wa Ediofe, pale Arua, alisifiwa kwa moshi. Sisemi moshi wa jikoni. Huo kila mwenye sigiri anao. Nasema moshi wa kwenye glasi. Ulikunywa kitu baridi chenye barafu, kitamu, kichungu kidogo, na puani ukasikia kana kwamba umeketi karibu na moto wa kuni mvua ikiwa imekatika sasa hivi. Majirani walioonja mara moja hawakuishiwa na visingizio. Huyu kaja kuazima chumvi, yule kaja kuuliza saa ilhali simu anayo mkononi, na wote macho yako mezani.

Watu walimwita Mama Stéphanie, kwa jina la bintiye aliyekuwa akisomea uuguzi Kampala. Alizaliwa Aru, upande wa Kongo, akavuka mpaka akiwa msichana nyuma ya kijana mmoja fundi anayeitwa Jacques. Walivuka kimya kimya. Hakuna mbuzi aliyepelekwa kwao, hakuna mzee aliyevuta kiti akaketi na kumposa. Baba yake alikufa akisema kwamba binti yake aliokotwa kama kuku aliyepotea njia. Neno hilo lilimkaa Léontine rohoni kama mwiba wa samaki kooni: halikumuua, lakini kila akimeza alilisikia.

Si kwamba maisha yalikuwa mabaya. Aliuza vitenge katika soko la Arua, alikuwa na nyumba ya matofali, na Jacques hakuwa mpigaji. Ila kila Jumapili, wenzake walipoinuka kwenda kukomunika, yeye alibaki kwenye benchi. Mwanamke anayeishi na mwanamume bila ndoa ya kanisa hakomuniki, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyotii. Wenzake walimwachia mikoba yao wakaenda kupanga mstari. Akawa mlinzi wa mikoba, miaka nenda miaka rudi, mapaja yamejaa mali ya watu. Duniani alitaka kitu kimoja tu: Jacques amsimamishe mbele ya altare, aitwe mke, na yeye ainuke kwenye lile benchi.

Jacques alikuwa mtu wa jenereta. Kazi yake ilikuwa Koboko, mji wa karibu na mpaka wa Sudan, kule kwenye mahoteli, maduka na mashirika ya wakimbizi. Akiondoka Arua Jumatatu asubuhi, ulimwona tena Jumamosi. Ni yeye aliyeleta chupa iliyoanzisha moshi wote huu. Mhandisi mmoja wa maji, mama kutoka Mexico, alikuwa amemaliza mkataba wake na kurudi kwao, akampa fundi wake zawadi ya kuagana. Jacques aliiweka mezani kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

"Hii banaita meskali," akasema. "Kwao banachoma moyo ya ule mumea ndani ya shimo, na mawe ya moto. Ndiyo maana unasikia moshi. Onja."

Waliinywa kwa kifuniko, kidogo kidogo, katika sikukuu tu. Léontine hakuwa mnywaji, lakini kinywaji kile kilimkumbusha nyumbani kwao Aru, jiko la mama yake, muhogo ukichomwa kwenye majivu. Krismasi iliyofuata chupa ikawa tupu. Aliiosha akaiweka kwenye rafu, na akaapa kwamba kama watu wa Mexico wana mikono, na yeye anayo.

Basi akaanza. Waragi, ile pombe kali, aliupata Logiri kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Night, aliyepika waragi wa muhogo msafi kama maji ya mvua. Shira aliipika mwenyewe: ukwaju uliolowekwa usiku kucha, asali, pilipili aliyoichoma kwanza mpaka ikawa na madoa meusi, na jani moja la mpera. Hilo jani ndilo lilikuwa siri. Mama yake alilitia katika dawa ya kikohozi, na lilitakiwa litolewe mapema, kabla halijatia uchungu. Akakamua ndimu. Akaponda chumvi na pilipili, akaupaka mdomo wa glasi asali na kuuchovya humo. Vyote vilikubali. Moshi ndio ulikataa.

Alijaribu kila namna. Aliacha jagi karibu na kuni, akapata ladha ya majivu. Aliunguza asali, ikawa lami. Siku moja alitumbukiza kaa la moto ndani ya waragi, jambo ambalo hata mtoto angemkataza, na moto ukamlamba nywele za mbele. Jacques alicheka mpaka akakohoa. Naye alicheka, kichwa kikinuka kama mbuzi aliyebabuliwa, kwa sababu mume akicheka nyumbani kwako, hata ukiungua kidogo unaona si neno.

Ndipo Jumamosi moja Jacques alirudi na kifurushi cha vijiti vyekundu, vikavu, vyenye harufu tamu hata kabla ya kuwashwa. Aliweka kaa kwenye kigae cha chungu, akaweka vijiti vitatu juu yake, na moshi ulipoanza kupanda akachukua glasi akaifudikiza juu ya kigae.

"Wewe unataka kutia moshi ndani ya pombe," akasema. "Moshi inatiwa ndani ya chombo. Iache ijae, iwe nyeupe kama maziwa. Sasa mimina."

Léontine akamimina: waragi, shira, ndimu, vilivyotikiswa na barafu ndani ya chupa ya plastiki. Moshi uliinuka polepole kwenye mdomo wa glasi. Alionja, akaweka glasi chini, akalia.

"Nani alikufundisha?"

"Akili ya fundi," Jacques akasema, akijigonga kidole kichwani. "Nimekaa nafikiria wewe, Koboko."

Nafikiria wewe, Koboko. Kwa maneno hayo alimpenda mara ya pili, na mapenzi ya pili ya mtu mzima ni mabaya kuliko ya kwanza, maana hayana kisingizio cha ujinga. Aliwaambia majirani. Aliwaambia wauza vitenge wenzake. "Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeukamata ule moshi," alisema, kama kwamba moshi ni kitu cha kukamatwa.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na utaratibu. Jumamosi Jacques alikuja na vijiti. Alivipata, alisema, kwa seremala mmoja mzee anayevitupa. Jumatatu Léontine alimfungia chupa ya jemu iliyojaa shira, kwa sababu vumbi la Koboko lilimkaba kifua na alipenda kuitia kwenye chai. Kila chupa alifunika mdomo wake kwa kipande cha kitenge na kukifunga kwa uzi, mabaki ya vitenge alivyouza: chenye samaki, chenye funguo, chenye ndege wa manjano. Chupa tupu hazikurudi. Jacques alisema zinavunjika garini.

Na Jumamosi jioni, kabla ya kumpa mumewe glasi, Léontine alionja kwanza yeye. Ndiyo desturi ya huku. Mwenyeji huonja mbele ya anayenyweshwa, ili ajulikane kuwa hana sumu moyoni wala mkononi. Watu wengi wakishazoeana huiacha. Yeye hakuiacha, hata kwa mume aliyelala naye kitanda kimoja. Mama yake alisema kinywaji kisichoonjwa ni kesi inayosubiri mzee wa kuiamua.

Mwaka huu Jacques alikubali ndoa. Stéphanie alikuwa amempigia simu kutoka Kampala akamwambia kwamba yeye haolewi kabla ya mama yake, na sijui ni neno hilo au ni uzee, lakini Jacques alikwenda na Léontine kwa padri wakaandikishwa. Jumapili ya kwanza majina yao yakatangazwa katika kanisa kuu la Ediofe, kama yanavyotangazwa ya kila wanaotaka kufunga ndoa, mara tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Léontine alisikia jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, likipita juu ya vichwa vya watu. Alitazama chini, kwenye mikoba. Jumapili ya pili alithubutu kuinua uso.

Ilibaki moja. Akili yake ikawa kwenye karamu. Wengine wangetoa soda na bia. Yeye angewapa wageni glasi ya moshi, kila mmoja yake, wajue hii ni nyumba gani. Waragi Night alikwisha ahidi. Shira ilikuwa jikoni. Kijiti kilibaki kimoja. Alimpigia Jacques, simu haikupatikana. Siku ya pili ikapatikana, sauti ikikatikakatika.

"Niko Yumbe wiki hii, kazi ni mingi. Nitaleta, mama. Usikuwe na wasiwasi."

"Basi niambie ule seremala iko wapi."

"Nitaleta, nimesema."

Mtu mwingine angengoja. Léontine alikuwa bi arusi, na bi arusi ana miguu myepesi. Alhamisi alikifunga kile kijiti kimoja kwenye leso, akamwachia jirani meza ya vitenge, akaenda Koboko. Alitaka kumfurahisha mumewe. Aone mzigo wa vijiti umeshafika nyumbani, aseme, kumbe umevipata!

Seremala hakupatikana. Maseremala wote aliowauliza walinusa kijiti wakatikisa kichwa. Mwisho mmoja akamwelekeza sokoni, kwa wanawake wanaouza ubani na manukato. Huko, Viola, mwanamke mnene aliyeketi nyuma ya mafungu ya ubani, alichukua kijiti, akakipeleka puani na kucheka.

"Hii si mbao ya seremala, dada. Hii ni talih. Bamama ya upande ya Sudan najifukiza nayo mwili, nguo, kila kitu. Lakini leo hapana. Kiden nanunua yote."

"Kiden ni nani?"

"Iko pale nyuma ya soko, mulango ya buluu. Yeye nafanya na hiyo ile kinywaji yake ya moshi. Uliza yeye, roho yake muzuri. Atakupa."

Palipo na moshi hapakosi moto, wazee walisema, na mimi naongeza kwamba mwenye nyumba huwa wa mwisho kunusa. Léontine alisikia yale maneno, kinywaji ya moshi, na alichohisi ni wivu mdogo wa mpishi tu. Kumbe Koboko nao wanajua! Alipita nyuma ya soko akitabasamu.

Mlango wa buluu ulifunguliwa na mwanamke mrefu, mdogo kwake kwa miaka mingi, mtoto wa kike akiwa amemshika sketi. Kiden alimkaribisha kabla hajauliza shida yake. Alimpa kiti chenye mto, akampa maji, na ndipo Léontine akaeleza: anatoka Arua, anatafuta talih, ni kwa ajili ya arusi.

"Arusi ya nani, mama? Ya mutoto yako?"

"Yangu mwenyewe," Léontine akasema, na aibu ikamfanya acheke. "Nimekaa na bwana tangu zamani. Sasa ndiyo tunaingia kanisa."

Kiden alipiga kigelegele. Alikipiga kwa moyo wote, mkono mdomoni, mpaka mtoto akaruka na majirani wakaitika kutoka nyuma ya ukuta. Kisha akasimama. Mgeni mwenye habari kama hiyo hanyweshwi maji peke yake, alisema. Akaingia ndani, akatoka na kigae chenye kaa, glasi, na vijiti vyekundu. Akafudikiza glasi. Léontine aliangalia ile mikono ikifanya kile ambacho mikono yake hufanya kila Jumamosi, na bado hakuelewa. Moyo una mlango wake, na mwenye mapenzi huufunga kutoka ndani.

Halafu Kiden akaleta chupa ya jemu. Mdomo wake ulikuwa umefunikwa kwa kitenge chenye ndege wa manjano.

Aliijua. Aliukata ule ukingo kwa mkono wake Jumapili jioni, ndege mmoja akakatika kichwa, akakigeuza kipande ili kichwa kisionekane. Kiden alifungua uzi, na ndege yule asiye na kichwa akaanguka juu ya meza.

Kiden alitikisa, akamimina, akaonja kwanza yeye kama mtu aliyelelewa vizuri, kisha akampa mgeni wake glasi kwa mikono miwili. Léontine alikunywa kwa sababu kukataa kungekuwa kisa. Ndimu. Ukwaju. Pilipili iliyochomwa. Na kule mwisho, ukingoni mwa ulimi, jani la mpera la mama yake.

"Hii shira," akasema, "inatoka wapi?"

"Bwana yangu napika," Kiden akajibu kwa fahari. "Mwanaume, lakini anajua kupika hii moja tu. Kila wiki yeye naenda Arua kuangalia mama yake, ni mugonjwa, hawezi kutoka kitanda. Sasa akikaa pale karibu na mama, anapika."

"Bwana yako anaitwa nani?"

"Jacques. Fundi ya jenereta. Wiki hii iko na kazi Yumbe."

Mtoto alikuwa amemkaribia mgeni akamwekea kijiti mapajani, zawadi. Alikuwa na paji la uso la Stéphanie. Léontine alilitazama lile paji na hasira ikampanda, hasira moto, ya mtu aliyemkamata mwizi na kuku mkononi. Ile ilikuwa glasi yake. Aliungua nywele kwa ajili yake. Yule mwanamume ameichukua akaja kuigawa huku, kama mtu anayegawa nguo za marehemu kabla ya matanga.

"Na moshi?" akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya mgeni. "Moshi alikufundisha yeye? Sema. Nani alikufundisha kufukiza glasi?"

Kiden alishangaa. Alimtazama kama mtu anayeulizwa nani alimfundisha kutembea.

"Mimi, mama? Hii moshi ni ya kwetu. Mama yangu, kule Yei, alifukiza kibuyu ya maji kila asubuhi, hivi hivi, nageuza mudomo chini. Maji inakuwa tamu. Ni mimi nilionyesha Jacques. Alikuja kutengeneza jenereta ya jirani, nikamupa maji, akauliza, hii harufu ni nini? Ndiyo tukaanza kuongea."

Hapo Léontine alisikia kama mguu wa kiti umevunjika chini yake, ijapokuwa kiti kilisimama. Alidhani ameibiwa kitu. Kumbe hata kile alichodhani ameibiwa hakikuwa chake. Akili ya fundi! Nafikiria wewe, Koboko! Yale machozi aliyoyalia, ile furaha aliyoitangaza sokoni, yale mapenzi ya pili, vyote alivijenga juu ya harufu ya nyumba ya mwanamke mwingine. Jacques alikuwa akibeba moshi huku akaupeleka kule, akibeba shira kule akaileta huku, na kila upande akipokea sifa. Na yeye, Léontine, ndiye aliyeifunga ile shira kwa uzi, kila wiki, akambusu mbebaji.

Akamwambia Kiden yote. Hakupiga kelele. Alisema jina lake, akasema jina la Stéphanie, akasema ni Jacques gani anayetangazwa naye katika kanisa la Ediofe. "Na mama yake," akamalizia, "mama yake hana ugonjwa wowote. Alikufa zamani. Nilimuosha mimi, na mikono hii."

Kiden hakuamini, kisha akaamini. Ilipita usoni mwake kama kivuli cha wingu kinavyopita shambani. Alimvuta mtoto. Kwa muda mrefu alikuwa akikiangalia kile kipande cha kitenge.

"Alitoa ng'ombe," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kwa kaka zangu. Alikuja na bazee yake, bakakaa, bakaongea. Mimi ni muke ya kuolewa. Nilijua mimi ni muke ya kuolewa."

Léontine alilisikia neno hilo, ng'ombe, kuliko mengine yote. Kwao hakukufika hata kuku.

Hawakukumbatiana, sitawadanganya. Walikaa kama watu wawili waliogongana njiani na kila mmoja anatafuta alichodondosha. Léontine aliposimama kuondoka, Kiden aliingia ndani akatoka na chupa ya jemu, ile ile. Alikuwa amemwaga shira iliyobaki, ameiosha, na kuijaza vijiti vya talih mpaka juu. Akaufunga mdomo kwa ndege wa manjano.

"Chombo ya mutu harudi tupu," akasema, macho chini. "Shika, mama."

Ijumaa Léontine alikwenda kwa padri. Alimweleza yote, akaomba majina yasisomwe. Padri akasema pole, kisha akamuuliza anataka kufanya nini. Akasema anataka yule mtu atoke nyumbani mwake. Padri akamwambia kwamba basi, akiachana kweli na maisha yale na akaungama, hakuna wa kumzuia kukomunika. Léontine alimtazama kama aliyetukanwa. Miaka yote alidhani ufunguo uko mfukoni mwa Jacques, naye akaungoja, akaupikia, akauombea. Aliungama papo hapo, akalia zaidi kwa upumbavu wake kuliko kwa dhambi zake, ingawa padri alimwambia upumbavu si wa kuungamwa.

Jumamosi Jacques alifika jua likiwa bado juu. Alikuwa mchovu, mwenye vumbi, mwenye furaha. Aliketi barazani kwenye kiti chake, akavua viatu.

"Vijiti nimekosa," akasema. "Yumbe hakuna. Lakini ile moja iko, si iko? Nipe yangu, mama. Bwana arusi ana kiu."

Léontine alikuwa ameandaa. Mdomo wa glasi ulikolea asali, chumvi na pilipili. Waragi wa Night, shira, ndimu. Akatikisa, barafu ikalia ndani ya chupa, akachuja, akamimina. Sigiri ilikuwa imezimwa tangu mchana. Alimwekea mbele, bila kuonja. Kando ya glasi akaweka chupa ya jemu yenye vijiti vyekundu.

Jacques aliinua glasi na kunusa kwanza, kama kawaida yake.

"Moshi iko wapi?"

"Iko Koboko," Léontine akasema. "Nimeiacha kwa mwenyewe."

Ndipo akaona chupa. Akaona kitenge. Léontine alimngojea aseme. Alikuwa tayari kwa uongo, kwa magoti, hata kwa ukali. Jacques aliitazama glasi mkononi mwake, na polepole, kwa uangalifu, akairudisha mezani na kuisukuma mbali kidogo.

"Hukuonja," akasema.

Huyo ndiye mume. Alikuwa amewadanganya wanawake wawili juu ya moshi, juu ya ng'ombe, juu ya mama yake aliyekufa, na bado yeye ndiye aliyemwogopa Léontine. Alidhani anaweza kuuawa katika nyumba hii, na mikono iliyomuosha mama yake. Koboko kulimvunja Léontine, lakini hili lilimuuma kuliko Koboko, na alimwambia hivyo.

"Miaka yote nilionja mimi kwanza, Jacques. Wewe ndiye ulikuwa hauonji."

Akaichukua glasi, akainywa mbele yake, yote, akatafuna na barafu. Kisha akamwonyesha mlangoni, ambako mabegi yake yalikuwa yamefungwa, na toka asubuhi majirani waliokuja kuazima chumvi walikuwa wakiyaruka bila kuuliza neno.

Jumapili yalisomwa majina ya watu wengine. Wakati wa kukomunika ulipofika, mwenzake wa benchi alimwekea mkoba mapajani kwa mazoea, na Léontine akaurudisha, akaweka na wake juu. "Nishikie," akasema, akainuka. Mstari ulikuwa mrefu. Mbele yake mwanamke mmoja alivaa nguo zilizofukizwa, ile harufu tamu ya vijiti vyekundu, na Léontine akatembea nyuma yake mpaka altare akiwa amejiziba pua kwa leso, akilia wazi, mbele ya watu wote.